Nani Yuko Nyumbani? Malezi ya Watoto Kawajense na Mpanda Inayokua Haraka

Hudhuria mkutano wa hadhara wa mtaa wowote mjini Mpanda. Hoja ya malezi ikiibuka tu, hukumu hutolewa kabla ya mashahidi: wazazi wamejisahau. Mwenyekiti wa mtaa atasema hivyo, mwalimu mkuu ataongezea, kiongozi wa dini atafunga kwa onyo, na wazazi waliokaa chini ya mwembe wataitikia, kila mmoja akimfikiria jirani yake. Watatajwa bodaboda na simu za mikononi. Zitatajwa picha za mitandaoni na vibanda vya video. Mwisho wa mkutano watu hurudi majumbani wakiamini kwamba tatizo ni tabia.

Kauli hizo zina chembe ya ukweli. Haziwezi, hata hivyo, kueleza kwa nini Katavi, mkoa wa mji huu, wenye mahindi na mpunga wa kuuza nje, una mtoto mmoja kati ya watatu aliyedumaa, wala kwa nini uliwahi kuongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni. Ukiangalia maisha ya kila siku katika kata kama Kawajense, ndani ya Manispaa ya Mpanda, jibu linaelekea kwingine. Upendo wa wazazi haujapungua. Kilichopungua ni saa ambazo mtu mzima anayeaminika yuko karibu na mtoto. Ndugu wa kusaidiana kulea wamebaki mbali, na wazazi waliopo wanabanwa na shamba, machimbo na biashara ndogondogo. Udumavu, utoro, mimba na ukatili, ambavyo hujadiliwa kama matatizo manne yenye kamati nne, vinakutana hapo.

Mji wa wageni

Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo iliukuta na watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka liliupa mkoa nafasi ya kwanza nchini, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 3.2. Mji wenyewe wa Mpanda, uliokuwa na takriban watu laki moja mwaka 2012, sasa unakaribia laki mbili na nusu.

Uzazi peke yake hauwezi kuzidisha watu mara mbili ndani ya miaka kumi. Watu wamehamia. Wafugaji wa Kisukuma wameshuka na mifugo yao kutafuta malisho. Wakulima wametoka Rukwa, Kigoma na Tabora kufuata ardhi. Wachimbaji wadogo wamefuata dhahabu. Kabla yao, reli ya kutoka Kaliua ilikwishaleta vibarua na wafanyabiashara wakati wa mgodi wa madini ya risasi, na kuanzia mwaka 1972 maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliwekwa Katumba na baadaye Mishamo, ambako wengi wao na watoto wao leo ni raia wa Tanzania. Wakonongo, Wabende na Wapimbwe, wenyeji wa nchi hii, wamejikuta wakipakana na lugha na desturi za karibu nusu ya Tanzania.

Mchanganyiko huu una faida nyingi kwa uchumi wa mkoa. Kwa malezi una gharama isiyoandikwa popote. Mama aliyezaliwa Nkasi akaolewa na mwanamume wa Kasulu, wakahamia Mpanda, hana bibi wa kumwachia mtoto. Shangazi aliyepaswa kuzungumza na binti anapovunja ungo yuko safari ya siku nzima. Majirani wapo, tena wamebanana, lakini jirani wa leo huenda mwakani amehamia Ikola au amefuata machimbo mapya. Ili mtu mzima amkemee mtoto wa mwenzake barabarani, anatakiwa amjue mama wa mtoto huyo, na mama amjue yeye. Pasipo kujuana huko, karipio linageuka ugomvi wa nyumba mbili, na baada ya magomvi mawili matatu watu hujifunza kunyamaza.

Tusiipambe zamani kupita kiasi. Malezi ya ukoo yalimpa mtoto macho mengi ya kumtazama, lakini pia yalimwoza binti mapema bila kumuuliza, na yalizika watoto wengi kabla hawajafika darasani. Takwimu za afya za kitaifa zinaonyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 kwa kila watoto 1,000 katika utafiti wa 2015–16 hadi 43 mwaka 2022. Hatua hiyo ni kubwa. Mtoto wa Mpanda wa leo ana nafasi nzuri zaidi ya kuishi kuliko aliyokuwa nayo mama yake, na ndiyo maana swali limehama: akishaishi, atakuwaje?

Kalenda mbili zinazogongana

Katavi ina msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza Novemba au karibu na hapo na kuendelea mpaka Aprili. Mashamba ya karibu na mji yameshageuka viwanja vya nyumba, hivyo kaya nyingi zinalima mbali. Kwenda na kurudi kila siku haiwezekani, na familia huhamia shambani, hujenga kibanda na kukaa huko hadi palizi iishe. Wapo wanaorudi baada ya mavuno.

Kalenda ya shule haikutungwa kwa kumfikiria mkulima huyu. Muhula wa kwanza unafunguliwa Januari, palizi ikiwa imepamba moto. Mzazi ana njia tatu, na zote zina hasara. Akiwachukua watoto wote kwenda shambani, mwalimu ataandika utoro. Mama akibaki na watoto, shamba linapungukiwa mikono na ghala litakuwa tupu mwakani. Inayobaki ndiyo inayochaguliwa sana: wadogo wanakwenda na mama, wanaosoma wanabaki mjini na debe la unga, na mkubwa wao, mara nyingi binti wa miaka 12 au 13, anakuwa mkuu wa kaya.

Januari ndiyo pia mwezi ambao fedha imekauka. Mazao ya mwaka uliopita yameshauzwa, mapya bado yako shambani, na hapo ndipo sare, madaftari na mahitaji ya kidato cha kwanza yanapodai kulipwa. Elimu bila ada, iliyoanza 2016 kwa shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, imeondoa kikwazo kikubwa, na madarasa yamejaa kwa sababu hiyo. Haikuondoa gharama ya kumlisha na kumlaza mwanafunzi ambaye wazazi wake wako porini.

Kwa wanafunzi wa sekondari jambo hili limezaa geto: chumba cha kupanga, godoro moja, jiko la mkaa, na wasichana wawili watatu wasio na mtu mzima ndani. Mzazi aliyempangia mwanawe chumba karibu na shule amejinyima ili mtoto asome, na si haki kumwita mzembe. Ila ifikapo saa mbili usiku, unga ukiwa umekwisha, anayegonga mlango na chipsi mkononi anajua fika kwamba hakuna baba ndani.

Chakula kipo, mtoto amedumaa

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Iringa ilikuwa na asilimia 57, Njombe na Rukwa kama 50 kila mmoja. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Katavi, jirani wa Rukwa, iko juu kidogo ya wastani wa taifa, takriban theluthi moja ya watoto wake.

Ghala lililojaa halihakikishi kwamba mtoto amekula. Baada ya miezi sita ya maziwa ya mama pekee, mtoto anahitaji chakula cha nyongeza, na kuanzia miezi tisa anapaswa kulishwa mara tatu au nne kwa siku, kidogokidogo, chakula kilichopondwa na kuchanganywa. Tumbo lake haliwezi kubeba ugali wa mara mbili wa mtu mzima. Kumlisha hivyo kunataka mtu wa kukaa naye, kumbembeleza akigoma, kuosha kikombe na kuchemsha maji. Mama anayeondoka alfajiri na jembe begani, akirudi jua linazama, hana saa hizo. Mtoto aliyebaki na dada yake wa miaka minane atakunywa uji mweupe wa asubuhi na kusubiri.

Soko la Mpanda halina uhaba wa vyakula vya mtoto. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanapanda kutoka Karema na Ikola. Karanga na maharage yanalimwa hapahapa, na matembele na majani ya maboga hayana bei ya kutisha. Elimu ya lishe katika kliniki inafundisha kuvichanganya, na akina mama wengi wanaijua kwa moyo. Kinachokwamisha ni saa za siku, na katika kaya nyingi, nani anashika fedha ya mavuno. Gunia la karanga likiuzwa lote kwa mkupuo mwezi wa Julai ili kununua pikipiki, halirudi kwenye kikombe cha uji mwezi wa Februari.

Malaria na kuhara humaliza kazi hiyo. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hupoteza hata kile kidogo alichokula, na mji unaopanuka kuliko mabomba yake utaendelea kunywa maji ya visima visivyofunikwa. Madhara ya siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, hayatibiki kwa urahisi baadaye, kwa sababu ndipo ubongo unapojengwa kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Mwalimu wa darasa la tatu anayelalamika kwamba mtoto hashiki anachofundishwa anaweza kuwa anapokea deni lililokopwa miaka saba kabla.

Mimba, ndoa na sheria inayojichanganya

Katika utafiti wa 2015–16, asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Wastani wa nchi ulikuwa 27. Mwaka 2022 wastani wa nchi ulishuka hadi 22, na Katavi ikashuka hadi takriban 34, nyuma ya Songwe na Ruvuma. Kushuka huku kunastahili kusemwa wazi, maana mikutano mingi huzungumza kana kwamba kila kitu kinaharibika. Hata hivyo msichana mmoja kati ya watatu bado ni idadi kubwa.

Sheria imejaribu kuingilia. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Wakati huohuo Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwanasheria Rebeca Gyumi alivipinga vifungu vilivyoruhusu hilo na Mahakama Kuu ikamkubalia Julai 2016. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakazia uamuzi uleule. Kwa mzazi wa Kawajense aliyesikia habari hizi nusunusu redioni, funzo lililobaki ni la ajabu: kumwoza binti aliye shuleni ni kosa kubwa, akiacha shule si tatizo. Ndipo utoro unapogeuka mlango wa ndoa.

Hatua ya Novemba 2021, iliyoruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida, iliziba ufa mmoja muhimu. Lakini binti mwenye mtoto mchanga anarudije darasani bila mtu wa kumwachia mtoto? Waraka umefungua geti la shule, na nyumbani hakuna anayebaki. Wanaofanikiwa ni wale wenye bibi karibu, na tumeshaona jinsi bibi walivyo adimu katika mji wa wahamiaji.

Fimbo, na kimya baada yake

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban robo tatu ya wote walipigwa au kuumizwa kimwili. Watu ambao mtoto anawafahamu, majirani wakiwemo, walikuwa sehemu kubwa ya watendaji.

Kuhusu fimbo, wengi bado wanaamini kwamba kutochapa ni kudekeza. Kanuni za elimu zenyewe zinaruhusu adhabu ya viboko shuleni, visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemteua, na viandikwe kitabuni. Anayezijua shule zetu anajua umbali uliopo kati ya kanuni hiyo na mazoea. Nyumbani hakuna kitabu cha kuandika. Mzazi aliyechoka na mwenye deni, asiyemwona mwanawe wiki nzima, huitumia fimbo kwa sababu ni ya haraka, na maongezi yanataka jioni ndefu ambayo hana. Mtoto aliyezoea kupigwa akikosea huficha pia anapokosewa, na mtu mwenye nia mbaya hategemei kitu kingine.

Kesi zikifichuka, nyingi hufia njiani. Familia mbili hukaa, ng'ombe au fedha hupita, na shahidi mkuu anapelekwa kwa ndugu mkoa mwingine. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo, na namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure. Vyombo hivi vinahitaji shahidi atakayesimama mpaka hukumu. Mama anayemtegemea mtuhumiwa kwa kodi ya nyumba na unga wa kesho atasimama kwa siku ngapi?

Mama peke yake

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na methali hiyo haikosi kwenye mkutano wa malezi. Hutumika mno kumhukumu mwanamke, maana baba hatajwi. Maofisi ya ustawi wa jamii yanajaa wanawake wanaodai matunzo, hasa baada ya mavuno, fedha inapompa mwanamume mji mwingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 inawabebesha wazazi wote wawili wajibu wa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na asiyeutimiza anaweza kutozwa faini au kufungwa. Lakini mwanamume aliyekwenda machimboni bila anwani si rahisi kumpelekea wito wa mahakama.

Watoto wa kaya hizi huanza kutafuta mapema. Utawaona stendi na sokoni na sinia la karanga au mayai ya kuchemsha. Wengine wako mashamba ya tumbaku au nyuma ya mifugo. Sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi hatarishi kwa kila aliye chini ya miaka 18. Kazi ya kumfunza mtoto pamoja na mzazi wake ni sehemu ya malezi. Inayochukua nafasi ya shule ni nyingine kabisa, hata ikipewa jina la kujitegemea.

Pa kuanzia

Mipango haikosekani. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto wa miaka 0 hadi 8. Imejengwa juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Ni mpangilio mzuri. Hofu ni kwamba ukishuka kwenye kata unaweza kugeuka semina nyingine ya kumwambia mama yale anayoyajua. Kama upungufu mkubwa ni saa za mtu mzima, basi kila hatua ipimwe kwa swali moja: inaongeza saa ngapi za mtoto kuwa mikononi mwa mtu anayeaminika?

Kwa kipimo hicho, vituo vya kijamii vya kulelea watoto mchana vinapaswa kutangulia. Chumba safi, wanawake wawili waliofunzwa na kusajiliwa, na uji wenye karanga mara mbili kabla ya saa nane, hutatua kwa pamoja lishe ya mtoto, usalama wake, na shule ya dada aliyekuwa akimlea. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake kinachoendesha kituo kama hicho ni mkopaji halali sawa na kinachouza mchele, na kinarudisha faida kwa mtaa mzima.

Chakula cha mchana shuleni kinafuata. Mkoa wa wakulima hauhitaji kuchangisha fedha Januari wakati hakuna mwenye nazo. Uchangishe mahindi na maharage Juni na Julai, yakiwa bado mlangoni, na kamati ya shule iyatunze. Mabweni, au walau hosteli zenye matroni, yaelekezwe kwanza kwenye shule zenye wanafunzi wengi wa kupanga. Mpaka yatakapojengwa, mtendaji wa mtaa awe na orodha ya mageto yote ya wanafunzi, na mwenye nyumba anayepangisha mwanafunzi ajue kwamba ana wajibu kwake.

La mwisho halina bajeti kubwa ila ni gumu kuliko yote, kujuana. Mtaa unaweza kukubaliana kwamba kila msimu wa kilimo, kaya inayohamia shambani na kuacha watoto itaje kwa balozi wa nyumba kumi mtu mzima mmoja atakayewatazama, na mtu huyo akubali mbele ya wenzake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite kwenye kaya hizo kwanza. Mtu akitajwa hadharani kuwa mlezi wa muda, karipio lake halitakuwa tena ugomvi wa nyumba mbili.

Wazazi nao wana sehemu ambayo hakuna serikali itakayowafanyia. Baba anayetuma fedha bila kuuliza mtoto amelalaje hajatimiza kazi yake, na mama anayempokea binti mwenye simu mpya bila kuuliza imetoka wapi amefumba macho kwa makusudi. Lakini kabla mkutano ujao wa mtaa haujarudia kwamba wazazi wamejisahau, mwenyekiti angeweza kuanza kwa kuuliza ni kaya ngapi zitaacha watoto wenyewe mwezi wa Januari, na nani amekubali kuwatazama. Majibu ya maswali hayo mawili, yakiandikwa na kufuatiliwa, yatawasaidia watoto wa Kawajense kuliko lawama zote zilizokwisha kusemwa chini ya mwembe.